Pikipiki Isiyopandwa Tupu

"Mama Herman, umesikia?" Paskalina alikuwa bado yuko nje ya ua wa mabua, hata hodi hajapiga. "Zipora anaichinja pikipiki ya marehemu. Anaiuza viungo viungo, kama mbuzi wa buchani."

Klara alikuwa amechutama, anamwogesha mwanawe Herman kwenye beseni. Alimkinga mtoto macho kwa kiganja, povu lisimwingie.

"Nani kakwambia?"

"Aniambie nani, mimi kipofu? Nimepita pale sasa hivi. Vyuma huku, spana kule, mwenyewe kajipaka grisi mpaka kwenye paji la uso. Na kitanda kimetoka jana. Kitanda, mwenzangu! Udongo wa kaburi haujashikana, mtu kashauza kitanda alichofia mumewe."

"Ngusa hakufia kitandani."

"Basi alicholalia, si ndiyo yale yale? Kwao wakisikia, patachimbika."

Klara alimmwagia mtoto maji ya mwisho. Alijua kwamba kwao watasikia, na atakayewafikishia habari amesimama pale pale uani. Paskalina alikuwa mtu wa Mhunze, wilayani Kishapu, na ukoo wa marehemu Ngusa ulikuwa huko huko, walipishana mashamba. Simu yake haikuwahi kukosa vocha.

Alimfuta mtoto, akambeba mgongoni, akaenda kujionea.

Zipora, au Mama Mariana kama walivyozoea kumwita, alikuwa amekaa chini kwenye kivuli cha ukuta, miguu kainyoosha, katikati ya miguu kuna shokapu mbili: vile vyuma vya nyuma ya pikipiki vyenye springi, vinavyobeba mzigo barabara inapokuwa mbaya. Zilikuwa nene kama mkono wa mwanamume. Pikipiki yenyewe ilisimama juu ya kreti la soda, tairi la nyuma likining'inia.

"Karibu, Mama Herman. Umekuja kununua kiungo gani? Paja limeshachukuliwa."

"Kumbe umemsikia."

"Nani asiyemsikia yule? Akinong'ona, kuku wanaruka."

Klara alicheka, halafu akaona aibu kucheka kwenye nyumba yenye msiba. Lakini Zipora naye alikuwa anacheka, ingawa ni mdomo tu uliocheka.

Zipora hakuzaliwa kwenye haya mambo ya dhahabu ya Geita. Alikuwa Msumbwa wa upande wa Kahama, na alikulia karibu na mgodi wa Buzwagi, mahali ambapo watu walizoea kuona magari makubwa yakipita na utajiri ambao haukuteremka. Alipomaliza darasa la saba alifuata wenzake machimboni kupika wali na maharage. Huko ndiko alikompata Ngusa, kijana Msukuma asiye na maneno mengi, aliyebeba viroba vya mawe kwa pikipiki kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, mpaka kwenye karasha ya kusagia. Hawakufunga ndoa wala hakutolewa ng'ombe. Walichukuana tu, kama wengi wanavyochukuana kule. Kila mwaka Ngusa alisema mavuno yakikaa vizuri atakwenda Kahama kujitambulisha. Mavuno yalipokaa vizuri, kaka yake mkubwa, Bujiku, alipiga simu kutoka Kishapu akitaka maksai wa kulimia, na maksai walinunuliwa.

Hata mwaka ule shokapu ya kulia ilipoanza kuvuja mafuta ilikuwa hivyo hivyo. Zipora alimwambia, "Baba Mariana, hiki chuma kimekufa." Ngusa alijibu kwamba wacha kwanza amalizie maksai wa kaka, yeye na shokapu yake wanaelewana. Hawakuelewana. Kwenye mteremko wa karasha, akiwa na viroba vitatu vya mawe nyuma, shokapu ilikaa moja kwa moja, bodi ikashika tairi, na pikipiki ikamtupa mbele kisha mawe yakamfuata.

Baada ya mazishi wakubwa wa ukoo walikaa wakasema pikipiki ibaki kwa mama, imlishe mtoto, mengine yatazungumzwa baadaye. Kadi yake waliondoka nayo. Zipora akatafuta dereva wa kumpa. Wote walikataa. Mmoja alisema wazi, "Dada, hiyo ishaua, na nyuma ni mfu. Mimi sipandi jeneza."

Ndipo akakata shauri: ataiendesha mwenyewe. Ngusa alikuwa amemfundisha zamani, kwa mchezo tu, jioni kwenye uwanja wa shule. Kwenye mdomo wa duara mwanamke hatakiwi, wanasema dhahabu inakimbia. Lakini wako wanawake wanaookota magwangala, yale mawe ya mabaki, na kuyabeba kichwani hadi wanapoyaponda kwa nyundo. Hao hawana mwiko na mtu. Hao ndio angewabebea.

"Na kitanda?" Klara aliuliza taratibu.

"Nimempa muuza chuma chakavu. Alikuwa na guta lililokufa injini, lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo. Nikamwambia nipe shokapu zake za nyuma, chukua kitanda. Akasema na godoro. Nikasema na godoro." Alipangusa jasho kwa bega. "Mariana amefurahi. Anasema sasa akianguka usingizini hatafika mbali."

Klara aliangalia mlangoni. Ndani, kwenye mkeka, Mariana alikuwa amelala mchana, mkono mmoja umekumbatia kanga ya mama yake.

"Sasa usisimame kama mgeni. Nishikie hapa."

Kazi ilikuwa hivi. Shokapu za guta zilikuwa nzuri, ila tundu zake za kufungia zilikuwa pana kuliko misumari ya pikipiki inayozishika. Zipora alikuwa ametafuta bushi, vile vipete vya mpira vya kuzibania, akazipaka povu la sabuni ya kipande, kisha akapitisha bolti ndefu katikati, akaweka kipande cha bomba la maji upande wa pili, akaanza kukaza nati. Hakugonga hata nyundo. Klara alishika kichwa cha bolti kwa spana kisizunguke, na mpira ukaingia kidogo kidogo, ukilia kama panya.

"Ulijifunza wapi haya?"

"Mtu akitengeneza uani kwako miaka yote, wewe unachambua mchele pembeni, unadhani macho yanaangalia mchele tu?"

Shokapu zilikuwa ndefu kuliko za zamani, upana wa vidole viwili hivi. Ilibidi Klara ainue mkia wa pikipiki kwa mikono miwili, Herman mgongoni akinyonya fundo la kanga, huku Zipora akilala ubavu chini, akiitafuta tundu kwa kidole. "Juu kidogo. Juu. We, Mama Herman, hukula leo? Hapo! Hapo hapo, usipumue!" Msumari uliingia. Akakaza. Wakafanya na upande wa pili. Kisha akashika ile pete ya chini ya springi yenye meno, akaizungusha kwa ncha ya nondo mpaka jino la mwisho, lile gumu kuliko yote.

Wakaishusha chini. Nyuma ilikuwa imesimama juu kama kuku anayetaka kupigana.

"Panda nione inashuka kiasi gani."

Klara alimkabidhi mtoto, akapanda, akakaa. Zipora alichungulia springi, akatikisa kichwa.

"Haijakuona hata. Imekaliwa na nzi."

"Asante kwa sifa."

"Rukaruka kidogo." Klara akaruka, na kiti kikampiga makalio kikamrudisha juu. "Ndiyo hivyo. Hizi zimezoea mzigo. Zikipata mawe zitalala vizuri."

Kesho yake alfajiri aliitoa barabarani kuijaribu, tupu. Barabara ile ya vumbi ilikuwa imejikunja kama bati. Alirudi akiikokota, mdomo wa chini umepasuka, kiwiko kimechubuka, na damu imeganda kwenye kola ya blauzi.

"Imenirusha," alimwambia Klara, akitema mate mekundu. "Imeshika ile mikunjo, nyuma ikaanza kuruka yenyewe, nikashika breki, ikanitupa. Hii haipandwi tupu. Angekuwa mtu kwenye ule mteremko wa karasha, angeshamfuata Ngusa."

Alikaa akawaza. Angeweza kulegeza ile pete ya meno, lakini alilegeza akaona tofauti yake ni ndogo. Springi yenyewe ndiyo nene. Mchana alijaza mchanga kwenye viroba viwili, akavifunga nyuma kwa mipira ya tyubu, kimoja kila upande, akatoka tena. Safari hii pikipiki ilikwenda kama ng'ombe mzee anayeijua njia ya nyumbani.

Basi ikawa hivyo. Akiwa na magwangala ya watu, anashusha mchanga. Akirudi bila mzigo, anapandisha mchanga. Wanawake kule kwenye kuponda mawe walimtania mpaka wakachoka.

"Mama Mariana, hao abiria wako wawili mbona hawateremki?"

"Wamelipia mpaka Mwanza."

"Wanaume hao! Wanene, hawasemi, hawaombi chakula. Tutafutie na sisi."

Klara alimwona Zipora akirudi jioni vumbi tupu, kope nyeupe, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimsikia akimfokea Mariana kwa mambo madogo madogo: viatu, kamasi, kikombe kilichovunjika. Klara alifurahi. Mtu aliyekata tamaa hafokei kikombe.

Lakini maneno ya Paskalina yalikuwa yameshasafiri.

Bujiku alifika siku ya mnada, asubuhi, wakati Zipora anataka kutoka. Alikuwa mtu mrefu, shingo ndefu kama ya Ngusa, na jaketi zito licha ya joto. Mkononi alikuwa na kadi ya pikipiki ndani ya mfuko wa nailoni. Paskalina alikuwa nyuma yake, kama mwenyeji.

"Shikamoo, shemeji," Zipora alisema, akapiga goti kidogo.

"Marahaba. Tumesikia unauza."

"Nimeuza nini? Si hiyo hapo, nzima."

"Kitanda cha mdogo wangu kiko wapi?"

Zipora alinyoosha kidole kwenye mkia wa pikipiki. "Kile pale."

"Unanitania?"

"Nakujibu, shemeji. Kitanda nimebadilishana na zile shokapu. Zile za kwanza ndizo zilizomuua mdogo wako."

Bujiku alizunguka pikipiki, akapiga kiti kwa kiganja. Kiti hakikutikisika. Klara, aliyekuwa amesimama kwenye ua na Herman mgongoni, aliona macho yake yalivyobadilika. Alikuja kuchukua mzoga, kumbe anakuta mnyama mzima.

"Sawa," alisema. "Naondoka nayo."

"Wazee walisema ibaki imlishe mtoto."

"Walisema wakati hawajasikia mambo ya kuuza uza." Alikuwa anaongea bila hasira, na hilo ndilo lililomkera Klara zaidi. "Na mtoto tuseme ukweli. Ngusa alikutolea ng'ombe wangapi? Nduhu, hakuna. Hata kwato. Kwa mila yetu, ng'ombe hawakuja, mtoto ni wa kwenu. Hatuna neno naye, hatumdai. Pikipiki ni ya kwetu."

Mariana alikuwa mlangoni, ana kipande cha kiporo mkononi. Alimwangalia baba yake mkubwa, akamwangalia mama yake, akaendelea kutafuna.

"Ng'ombe hawakuja kwa sababu walikuja kwako," Zipora alisema. Sauti yake ilikuwa chini. "Unalima na maksai wake mpaka leo. Shokapu ilipovuja alisema wacha nimalizie ya kaka."

"Ndugu akimpa ndugu, huko ni kwao. Mgeni hahesabu."

"Baba," Klara aliingilia, "mwenyekiti wa mtaa yupo hapo jirani. Si vizuri mkaenda mkakaa mbele yake?"

"Wewe ni nani?"

"Jirani."

"Jirani mwisho wake uani, mayu, mama. Kadi ninayo, jina ni la ukoo wangu. Huyo mwenyekiti atasoma nini kingine?"

Paskalina alikohoa. "Kweli, Mama Herman, mambo ya ukoo tuwaachie wenyewe." Lakini hakumtazama Klara usoni, na kucha zake zilikuwa zinachuna mabua ya ua.

"Basi nipe muda nifungue shokapu zangu," Zipora alisema. "Uchukue pikipiki kama alivyoiacha."

"Za kitanda cha nani? Cha Ngusa. Basi ni za Ngusa. Mali ya marehemu haifunguliwi hata nati."

Klara alisubiri Zipora alie, au amrukie yule mtu, au ajitupe mbele ya tairi kama alivyowahi kumwona mwanamke mmoja akifanya kule Katoro. Hakufanya lolote. Alisimama tu, mikono imening'inia, grisi nyeusi imebaki kwenye kucha.

Bujiku akainama kwenye viroba. Alivigusa, akavibinya, akaanza kucheka.

"Mchanga? Mayu, huku Geita mmefika hapo? Watu wanabeba dhahabu, nyie mnabeba mchanga?"

Paskalina naye akacheka, cheko la kujipendekeza.

"Mimi sisafirishi mchanga mpaka Kishapu," alisema Bujiku. Akavuta mipira ya tyubu, akafungua kimoja, akafungua cha pili. Viroba vilianguka puu! Kimoja kikapasuka, mchanga ukamwagika mpaka kwenye miguu ya Zipora. Mkia wa pikipiki ulinyanyuka taratibu, ukasimama juu.

Klara alimtazama Zipora. Sasa atasema, aliwaza. Sasa hivi atafungua mdomo.

Zipora alikuwa anaangalia mikono ya Bujiku. Hakusema.

"Pale Kishapu ninayo ya kupelekea pamba," Bujiku alimwambia Paskalina, "ila ni nyepesi, haina nguvu. Hii ni dume." Alikaa juu yake akawasha, akanyonga mafuta mara mbili, akazima. "Nipe hata ugali kidogo, dada, nitoke. Nataka jua la alasiri linikute nimeshapita Kahama."

"Ugali upo, shemeji, na samaki wa furu wapo. Twende."

Wakaondoka, yeye na Paskalina, wakiongea Kisukuma, wakicheka kitu kingine kabisa. Funguo Bujiku aliziweka mfukoni. Pikipiki ilibaki uani, inatazama barabara.

Mariana alitoka akaanza kuchota ule mchanga kwa kikombe, anajenga nyumba. Klara alisogea. Herman alikuwa ameanza kulia mgongoni.

"Mama Mariana. Hukumwambia."

"Nimeona."

"Njia ya kutokea ni ule ule mteremko aliofia Ngusa. Atashuka tupu, na hajui. Atashika breki kama ulivyoshika wewe."

"Najua atakavyofanya."

Zipora alikaa chini, palepale kwenye mchanga, karibu na binti yake. Alichota kidogo, akauacha upite katikati ya vidole. Kule kwa Paskalina sufuria ililia, na mtu akaitisha maji ya kunawa.

"Unajua, Mama Herman, nilipomwona anafungua ile mipira, moyo wangu ulitulia. Tangu Ngusa azikwe haujawahi kutulia hivyo. Nikasema moyoni, haya, fungua. Fungua na cha pili." Alimeza mate. Ule mpasuko wa mdomo ulikuwa haujapona vizuri. Alipokaza midomo damu kidogo ilitoka. "Nimejiogopa."

"Si bado yupo, anakula. Nenda umwambie."

"Siwezi. Nikifika pale atanicheka, na akinicheka nitanyamaza, na safari hii nitakuwa nimenyamaza kwa makusudi. Alisema mtoto hamdai, Mariana anasikia. Hukumwona alivyokuwa anatafuna?"

Klara alimwona. Alimbembeleza Herman kwa kutikisa mabega, akiangalia mlango wa Paskalina, ambako sasa mtu alikuwa anafuta mikono kwenye jaketi.

Zipora alimshika upindo wa kanga, kwa nguvu, kama mtu anayezama.

"Nenda wewe, ndugu yangu. Nakuomba. Mwambie haipandwi tupu, avirudishe viroba, na kama hiki kimepasuka ajaze kingine. Akibisha, mwambie mara ya pili. Nenda sasa hivi, kabla sijakuomba unyamaze."